Mobutu na Mirage zake: kununua ni kidogo, kutunza njo kazi

Kwetu Swima, wazee wangali wanakumbuka mwaka 1965. Mwaka ule ndege ndogo za T-28, zilizoendeshwa na Wakuba waliokimbia nchi yao, zilipiga waasi huku upande wa Fizi na Baraka. Mkubwa wa jeshi wakati ule alikuwa Joseph-Désiré Mobutu. Leo tunapima maisha yake kwa ndege, kwani ndani yake tunaona wazi namna feza ya Leta ilivyoliwa.

Alizaliwa Lisala tarehe 14 Oktoba 1930. Aliingia Force Publique, akafika sajini, kisha akatoka akafanya kazi ya gazeti Léopoldville. Mwaka 1960 akapewa cheo kikubwa katika jeshi, na tarehe 24 Novemba 1965 akatwaa nchi.

Kwanza alinunua Macchi za Italia. Halafu, mwanzoni mwa miaka ya 1970, shaba ikiwa na bei nzuri, akaagiza Mirage 5 kumi na saba kwa Dassault, Ufaransa. Hesabu ile haikutimia. Mwaka 1974 bei ya shaba ilipanda sana mwezi wa nne, na kufika mwisho wa mwaka ilikuwa imeanguka zaidi ya nusu. Mwaka uliofuata Zaire ilishindwa kulipa madeni yake.

Hapo njo tunajifunza. Bei ya ndege ya vita haiishi siku ya kununua. Iko piloti wa kusomesha, makaniki, mafuta, na vyuma vya kubadilisha, vyote kwa dola, kila mwaka. Asiyepanga miaka ishirini anajikuta na ndege nzuri isiyoruka.

Vita vya Shaba vilionyesha hayo. Mwaka 1977 ndege za Ufaransa ndizo zilileta wasoda wa Moroko. Mwaka 1978, Kolwezi, waliruka askari wa Legioni ya Ufaransa. Mwenye Mirage aliomba ndege za wengine!

Vita vya mwisho vilianzia huku kwetu Kivu ya Kusini, mwaka 1996. Mwezi wa pili 1997 ndege zake zilitupa bomu Bukavu, raia wakafa, lakini waasi walizidi kusonga mbele, tena wengi kwa miguu. Mobutu alikimbia Kinshasa mwezi wa tano, akafa Rabat tarehe 7 Septemba 1997, akazikwa kule.

Hata matajiri wanatoka jasho. Kuanzia 2017 Ufaransa na Ujerumani, kisha Uhispania, walipanga ndege ya kesho, SCAF, ambayo hesabu yake ilitajwa kufika karibu euro miliari 100, na walibishana sana juu ya nani afanye kazi gani. Sisi, wakubwa wakitutajia ndege mpya, tuulize kwanza: nani atalipa mwaka wa ishirini, na barabara ya Baraka italipwa na nani?