Mkwawa, Sultani wa Wahehe

Hapo kale Wahehe hawakuwa taifa moja. Kila ukoo ulikuwa na mkubwa wake, na majirani zao Wasangu, wenye nguvu kuliko wao, waliwashambulia na kuteka ng'ombe zao. Akaondokea Munyigumba, akaziunganisha koo hizo moja baada ya moja. Tena alijifunza kwa adui. Wasangu walikuwa wamejifunza vita kwa Wangoni, na Wahehe wakajifunza kwa Wasangu kupanga askari vikosi vikosi na kupigana karibu kwa mkuki wa kuchomea. Basi mambo yakageuka. Mtengera wa Wabena alishindwa, akashukia bonde la Ulanga. Na Merere wa Wasangu mwishowe aliihama nchi yake, akakimbilia Usafwa.

Mkwawa, mwana wa Munyigumba, alizaliwa Luhota yapata mwaka 1855. Baba yake alipofariki, yapata mwaka 1879, Mwambambe, mkwewe Munyigumba, aliutwaa utawala, na Mkwawa akakimbilia Ugogo. Baadaye alirudi, akapigana naye, na Mwambambe akauawa Lundamatwe. Katika miaka hiyo Wahehe walipigana na Wangoni pia, tangu 1878 hata yapata 1882. Hakuna aliyemshinda mwenzake, wakapatana.

Vita hivyo viligeuza hata mioyo ya watu. Waliokuwa wakiwakimbia Wasangu, sasa hawakumwogopa mtu ye yote; wala mtu hakujivunia ukoo wake tu, bali Uhehe wote. Mkwawa akajenga boma la mawe huko Kalenga.

Ndipo walipokuja Wadachi, yaani Wajerumani. Tarehe 17 Agosti 1891, Wahehe waliwavizia njiani huko Lugalo, wakamwua mkuu wao Zelewski pamoja na askari wengi, wakatwaa bunduki na mizinga. Lakini Wahehe nao walipoteza watu wengi, na Wadachi hawakuwadharau tena. Walijiandaa miaka mitatu, wakarudi na mizinga, na tarehe 30 Oktoba 1894 Kalenga ikaanguka.

Mkwawa alitoroka, akapigana porini karibu miaka minne. Wadachi waliahidi rupia 5,000 kwa atakayemleta. Hapo majirani walikumbuka mambo ya zamani. Wasangu waliungana na Wadachi, wakarudishwa Usangu. Na Kiwanga, sultani wa Wabena wa Ulanga, aliwasaidia pia. Tarehe 19 Julai 1898, huko Mlambalasi, Mkwawa alipoona amezungukwa, alijiua kwa bunduki, asikamatwe akiwa hai. Wadachi walikichukua kichwa chake. Fuvu lilirudishwa Kalenga mwaka 1954.

Kwa kuwashinda majirani zao Wahehe walipata kuwa taifa lenye nguvu. Lakini siku ya shida ilipowafikia, wale waliowashinda walikuwa wamesimama upande wa adui.