McMillan: Mmarekani aliyehodhi ardhi ya Juja na kuzikwa Kilimambogo

WAKAZI wa Mugutha, Ruiru na Thika huutazama mlima wa Kilimambogo kila kukicha, lakini si wengi wanaomfahamu mtu aliyelazwa humo tangu mwaka 1925.

Huyo ni Sir William Northrup McMillan, mmoja wa walowezi matajiri zaidi waliopata kuishi nchini Kenya.

McMillan alizaliwa mwaka 1872 katika mji wa St. Louis, Marekani. Babake alikuwa ametajirika kutokana na utengenezaji wa mabehewa ya reli, na mali hiyo ndiyo iliyomwezesha mwanawe kuzuru pembe nyingi za dunia. Mwaka 1903 aliongoza msafara wa kuupeleleza mto Nile ya Buluu nchini Ethiopia, ambao haukufua dafu mbele ya maporomoko.

Muda mfupi baadaye alihamia Kenya pamoja na mkewe, Lucie, akajipatia maelfu ya ekari kati ya mto Athi na mto Ndarugu. Shamba hilo aliliita Juja, jina ambalo mji huo ungali nalo.

Wageni mashuhuri walimiminika huko. Winston Churchill alifika mwaka 1907, naye Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu madarakani kama Rais wa Marekani, akawasili mwaka 1909 katika safari yake ya uwindaji.

Hata hivyo, raha ya Juja ilikuwa na upande wake wa pili. Sheria ya ardhi ya mwaka 1902 iliwawezesha wageni kumilikishwa ardhi ambayo wenyeji waliitegemea kwa malisho na kilimo. Ile ya mwaka 1915 ikarefusha mikataba ya walowezi kutoka miaka 99 hadi 999. Mwaka 1921 mahakama ikaamua kuwa Waafrika walikuwa wapangaji tu katika ardhi ya Mfalme wa Uingereza. Wengi wakabaki vibarua katika mashamba ya mkonge na kahawa, vipande vikining'inia shingoni.

McMillan mwenyewe alikuwa sehemu ya utawala huo, kwani alihudumu katika Baraza la Kutunga Sheria. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia alijiunga na jeshi la Uingereza, na baadaye akatunukiwa cheo cha Sir.

Alifariki mwaka 1925 akiwa safarini Ulaya, naye alikuwa ametaka azikwe Kilimambogo. Kwa kuwa alikuwa mtu wa mwili mkubwa na njia ilikuwa ya mwinuko mkali, jeneza halikufika kileleni. Alizikwa kwenye mteremko, na mkewe akazikwa kando yake baada ya kuaga dunia mwaka 1957.

Kumbukumbu yake nyingine ni Maktaba ya McMillan jijini Nairobi, ambayo mjane huyo aliijenga na ikafunguliwa mwaka 1931. Kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kusoma humo, hadi marufuku hayo yalipoondolewa enzi za ukoloni zikikaribia kikomo.

Leo hii maktaba hiyo ni ya umma, mlima ni mbuga ya wanyama ya taifa tangu mwaka 1967, na Juja ni makao ya Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta, ambako wajukuu wa vibarua wa jana husomea uhandisi na kilimo.