Johann Jakob Heckel

Johann Jakob Heckel (Mannheim, Ujerumani, 23 Januari 1790 – Vienna, Austria, 1 Machi 1857) alikuwa mtaalamu wa samaki. Anakumbukwa hasa kwa kuainisha sikilidi wa Amerika Kusini, ambao ni wa familia moja na perege na sato.

Maisha na kazi

Hakusomea zoolojia rasmi, lakini alipanda cheo katika makumbusho ya Vienna hadi akasimamia mkusanyo wa samaki. Kati ya 1817 na 1835 Johann Natterer alikusanya wanyama nchini Brazil. Heckel alichunguza samaki hao waliohifadhiwa, na mwaka 1840 alichapisha maelezo yao, akianzisha jenasi kama Symphysodon (diskasi), Pterophyllum (samaki-malaika), Geophagus na Crenicichla. Zote zinatumika hadi leo.

Kitabu cha samaki wa maji baridi wa milki ya Austria, alichoandika pamoja na Rudolf Kner, kilitoka mwaka 1858, baada ya kifo chake.

Diskasi wa Heckel

Symphysodon discus hufanana na S. aequifasciatus, aliyeelezwa na Jacques Pellegrin mwaka 1904. Wafugaji huwatofautisha kwa mistari ya wima. Kwa diskasi wa Heckel, mstari wa kwanza, wa katikati na wa mwisho umekolea kuliko mingine. Kwa mwenzake mistari hukaribia kulingana. Hata hivyo mistari hufifia au kukolea kufuatana na hali ya samaki, na spishi hizo zikifugwa katika tangi moja huweza kuzaliana na kupata watoto wenye alama zilizochanganyika. Kwa hiyo mahali samaki alipovuliwa, pakijulikana, ni ushahidi muhimu.