Daktari Livingstone: Kazi Yake na Nyumba Yake



Hapa Kigoma hakuna asiyejua njia ya kwenda Ujiji, na watoto wetu wengi wa shule wamepata kupelekwa kuliona jiwe la ukumbusho chini ya miembe, mahali Daktari Livingstone alipokutana na Stanley mwaka 1871. Habari ya makutano hayo tumeisikia mara nyingi. Lakini katika maisha ya mzee huyu liko jambo jingine ambalo halikuchongwa kwenye jiwe, nalo linatuhusu sana sisi wenye kazi na wenye nyumba.

Jambo lenyewe ni hili: je, ni heri mtu aajiriwe, apokee mshahara na kutii amri, au ni heri ajitegemee na kuwa bwana wa kazi yake mwenyewe? Swali hili huulizwa katika nyumba zetu nyingi. Karani amechoka kuamriwa, anatamani kununua mtumbwi, nyavu na karabai. Mvuvi naye, usiku ziwa linapochafuka na dagaa hawapatikani, anamwonea kijicho karani anayelala kwake na kupokea fedha mwisho wa mwezi. Na katikati yao yuko mama wa nyumba, ambaye atapika kile kitakacholetwa, wala mara nyingi haulizwi neno. Livingstone aliyaonja maisha yote mawili. Na tuone yalimpeleka wapi, na yaliwapeleka wapi watu wa nyumbani mwake.

David Livingstone alizaliwa tarehe 19 Machi 1813 katika mji mdogo wa Blantyre, nchi ya Scotland. Baba yake, Mzee Neil, alikuwa mtu wa kujitegemea: alitembeza majani ya chai mlango kwa mlango, na pamoja na chai aligawa vijitabu vya dini. Alikuwa mcha Mungu, lakini biashara ile haikutosha kulisha watoto. Jamaa nzima ilikaa katika chumba kimoja. Kwa hiyo David alipofika umri wa miaka 10 alipelekwa kuajiriwa katika kiwanda cha kusokota pamba. Aliingia kazini saa kumi na mbili asubuhi, akatoka saa mbili usiku, kisha akaenda shule ya jioni. Katika mshahara wake wa kwanza alitoa sehemu akanunua kitabu cha kujifunzia Kilatini. Baadaye, alipokuwa kijana na mshahara umeongezeka, aliweka akiba, akaenda Glasgow kusoma uganga. Tuone basi kwamba kazi ya kuajiriwa, ngumu kama ilivyokuwa, ndiyo iliyomfungulia mlango.

Mwaka 1838 alikubaliwa na Chama cha Misheni cha London, na mwaka 1841 akafika Afrika ya Kusini. Huko mwaka 1845 alimwoa Mary Moffat, binti wa Mmisionari Robert Moffat wa Kuruman. Mary alikuwa mzaliwa wa Afrika. Aliijua lugha ya watu, aliijua jua na vumbi, alijua kuendesha nyumba mahali pasipo na duka.

Miaka yao ya Kolobeng, kuanzia 1847, ndiyo miaka pekee ambayo watu hawa walikuwa na nyumba kwa maana tunayoijua sisi. Mshahara wa mmisionari mwenye mke ulikuwa kama paundi 100 kwa mwaka, nazo hazikutosha. Basi bwana alijenga nyumba kwa mikono yake, akafua chuma, akalima bustani, akatibu wagonjwa na kuhubiri. Bibi alioka mkate, akatengeneza sabuni na mishumaa, akashona nguo za wote, na tena akafundisha watoto wadogo wa kijiji. Jioni ilipofika, bwana alikuwa amechoka mno hata hakuweza kucheza na watoto wake. Katika uzee wake alikumbuka jambo hilo kwa majuto, kwamba alipokuwa nao hakucheza nao, na alipotaka kucheza nao hawakuwapo.

Lakini moyo wake ulikuwa umekwisha kutoka pale. Alitaka kwenda mbele, kaskazini, kwa watu ambao hawajasikia Injili. Mwaka 1850 alimchukua mkewe mwenye mimba pamoja na watoto katika safari ya jangwa. Waliporudi Mary alijifungua mtoto wa kike, Elizabeth, naye akafa baada ya majuma machache. Mwaka uliofuata alimchukua tena, na tena akiwa na mimba, na mtoto Oswell akazaliwa njiani, kando ya mto. Mama mkwe alikuwa ameandika barua kali ya kumkemea mkwewe, na nadhani mama wakwe wengi wa mtaa wetu wangeandika kali kuliko ile.

Mwezi wa Aprili 1852 Livingstone alimpandisha mkewe na watoto wanne melini kule Cape Town, waende Uingereza, yeye arudi bara. Kwa miaka zaidi ya minne Mary alihama kutoka nyumba hii ya kupanga hadi nyingine, fedha zikimwishia, akilazimika kuwaandikia wakubwa wa misheni kuomba msaada. Katika muda ule ule mumewe alivuka Afrika kwa miguu, akafika Luanda mwaka 1854, kisha akageuka hadi Quelimane mwaka 1856. Dunia ilishangilia. Mke alihesabu senti.

Kule Quelimane ilimngojea barua ya waajiri wake. Walimsifu, lakini walimjulisha kwamba fedha za chama haziwezi kutumika kwa safari ambazo uhusiano wake na kuieneza Injili ni wa mbali. Tusiwalaumu upesi. Fedha zile zilikuwa sadaka za watu maskini, na mwajiri ana haki kuuliza kazi inakwendaje. Livingstone naye aliamini kwamba kufungua njia na kuipiga vita biashara ya watumwa ni kazi ya Mungu. Mwaka 1857 waliachana.

Mwaka huo huo aliandika kitabu cha safari zake, kikanunuliwa na maelfu ya watu, akapata fedha kuliko alivyopata kupata. Mwezi wa Desemba alihutubia Chuo Kikuu cha Cambridge, na kutokana na wito ule ilizaliwa Misheni ya Vyuo Vikuu, ile iliyoleta Uanglikana Unguja, Magila na Masasi. Kwa hiyo Waanglikana wa nchi hii tuna sababu ya kushukuru kwamba hakubaki Kolobeng.

Mwaka 1858 alipata mwajiri mwingine, yaani Serikali ya Uingereza, kwa mshahara wa paundi 500 kwa mwaka, aipeleleze Zambezi. Mary alisafiri naye, lakini ikaonekana ni mja mzito, akaachwa Cape Town. Kutoka huko alikwenda kwa wazazi wake Kuruman, akamzaa Anna Mary. Baba yake hakumwona mtoto huyu hata alipofika umri wa miaka 5. Mwaka 1862 Mary alimfuata mumewe Zambezi. Baada ya miezi michache alishikwa na homa, akafa Shupanga tarehe 27 Aprili, akazikwa chini ya mbuyu. Mwaka uliofuata Serikali ilimwita Livingstone arudi, kwa kuwa safari ilikuwa imegharimu mno na faida yake haikuonekana.

Kijana wake mkubwa, Robert, alifika Afrika ya Kusini kumtafuta baba yake, asimpate. Akaenda Marekani, akaingia jeshi kwa jina la uongo, akafa mfungwa wa vita mwaka 1864 akiwa na umri wa miaka 18.

Na zile fedha za kitabu? Sehemu kubwa alinunulia meli ndogo, Lady Nyassa, akitumaini itapambana na biashara ya watumwa katika Ziwa Nyasa. Haikufika ziwani. Aliipeleka Bombay mwenyewe kwa kuvuka bahari, ikauzwa kwa hasara kubwa, na fedha alizopata zikapotea benki ilipofilisika. Mwenye biashara yake atalielewa jambo hili bila maelezo. Hasara ya mwajiriwa humwangukia tajiri wake. Hasara ya mtu anayejitegemea huingia mpaka jikoni.

Safari yake ya mwisho aliianza mwaka 1866. Serikali ilimpa paundi 500 na cheo kisicho na mshahara, Chama cha Kijiografia kikampa nyingine 500, na rafiki yake James Young akampa 1,000. Sasa hakuwa na mkubwa wa kumwamuru asubuhi wala jioni. Aliamka alipotaka, akaelekea alikotaka. Lakini tarehe 14 Machi 1869, alipoingia Ujiji kwetu, aliletwa akiwa mgonjwa wa mapafu, hana nguvu ya kutembea, akakuta mali nyingi aliyotumiwa imeibwa njiani. Alipona, akavuka ziwa kwenda Manyema. Huko Nyangwe, mwezi wa Julai 1871, aliona kwa macho yake watu wakiuawa sokoni kwa bunduki, wengi wao wanawake waliokuja kuuza vyakula vyao. Akarudi Ujiji mwezi wa Oktoba, amekonda, moyo umevunjika, akakuta mtu aliyeaminiwa mali yake amekwisha kuiuza yote.

Fikirini hali yake, akikaa barazani katika mji wenye soko la samaki, mawese, chumvi ya Uvinza na pembe, hali yeye hana vitambaa vya kununulia chakula ila vichache. Ndipo Susi, mtumishi wake, alipotoka mbio kuulaki msafara uliokuwa unaingia mjini. Mgeni aliyekuja, Stanley, alikuwa mwajiriwa wa gazeti la New York Herald, ametumwa na tajiri wake kwa gharama za tajiri wake, na mizigo ya vitambaa na shanga nyuma yake. Hivyo chini ya mwembe wetu walisimama watu wawili, mmoja ana mwajiri na mwingine hana, na yule asiye na mwajiri aliokolewa na mkoba wa mwajiri wa mwenzake.

Livingstone alikuwa na nyumba yake Ujiji, na ndani yake alikuwamo mama mmoja ambaye vitabu havimsemi sana. Jina lake Halima, mpishi, mke wa Hamoydah. Livingstone alikuwa amepoteza meno mengi kwa kutafuna mahindi magumu, na Halima ndiye aliyejua kumpikia chakula anachoweza kula. Baadaye huko Unyanyembe, mwaka 1872, Halima aligombana na mwanamke mwingine wa msafara, akatoka nyumbani. Alirudi mwenyewe, akasimama nje, asiingie mpaka mzee atoke na kumwambia aingie. Mzee alitoka, akamwingiza, akampa nguo ya kumkinga na baridi. Tena aliandika kwamba huyu hajawahi kuiba, wala hamruhusu mumewe kuiba, na kwamba wakifika Unguja atamnunulia nyumba na shamba. Haya ni mambo ya nyumba yoyote. Mtu aliyeshindwa kukaa na mkewe mwenyewe alikuwa amejifunza, kwa kuchelewa, kutoka nje na kumkaribisha aliyekasirika.

Unguja hakufika. Stanley alimsihi arudi kwao, akakataa, kwa sababu chemchemi za Nile hazijaonekana. Alifariki mapema Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo sasa ni Zambia. Susi, Chuma na wenzao hawakuwa tena na mtu wa kuwaamuru wala wa kuwalipa. Wangeweza kugawana vitu na kutawanyika. Wao waliukausha mwili, wakauchukua hadi Bagamoyo, wakafika Februari 1874, wengine wao wakiwa wamekufa njiani. Walipokabidhi mzigo walilipwa mshahara, wakaambiwa kazi imekwisha. Hao nao walikuwa waajiriwa, na katika miezi ile waliifanya kazi ya mwingine kama iliyo yao.

Ndugu zangu, sisemi kwamba Livingstone alikosa kuacha ajira. Mwaka huo huo wa 1873 soko la watumwa la Unguja lilifungwa, na sauti yake ilikuwa miongoni mwa sauti zilizolifunga. Pale pale Mkunazini pakajengwa kanisa letu. Matunda tunayala mpaka leo. Nasema tu kwamba uhuru wake ulikuwa na bei, na sehemu kubwa ya bei hiyo ililipwa na watu ambao hawakuulizwa: Mary katika vyumba vya kupanga, Robert katika jina lisilo lake, Anna Mary aliyengoja miaka 5 kumwona baba.

Basi baba unayetaka kuacha kazi ununue nyavu, huenda unafanya vema. Nawe unayebaki kazini kwa ajili ya ada za watoto, huenda unafanya vema. Lakini kabla ya kuamua, keti na mama watoto, karabai iwake, mhesabu pamoja: tutakula nini mwezi wa kwanza, nani atalipa tukipata hasara, na jioni nani atacheza na watoto. Bwana wetu mwenyewe alikaa miaka mingi katika karakana ya seremala nyumbani kwa wazazi wake kabla ya kuitoka, na alipokuwa msalabani hakusahau kumpa mama yake mahali pa kukaa.

Mungu azibariki kazi za mikono yenu, na nyumba zenu pamoja nazo.