Maria Montessori, Mwalimu Aliyetia Hesabu Mikononi mwa Watoto

Maria Montessori alizaliwa tarehe 31 Agosti 1870 huko Chiaravalle, mji mdogo wa Italia karibu na Ancona. Alipokuwa angali mtoto, wazazi wake walihamia Roma. Maria alipenda sana hesabu, akaingia shule ya ufundi, akitumaini kuwa mhandisi. Baadaye aligeuza nia, akataka kuwa daktari. Siku zile wengi waliona kazi hiyo haimfai mwanamke. Hakuruhusiwa kupasua maiti pamoja na wanafunzi wanaume. Ilimpasa kuifanya kazi hiyo peke yake, saa za jioni. Hata hivyo hakurudi nyuma. Mwaka 1896 alipata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Roma, akawa mmoja wa wanawake wa kwanza wa Italia kuipata heshima hiyo.

Kazi yake ilimpeleka katika nyumba za wenye wazimu. Humo aliwakuta watoto wa akili dhaifu wamefungiwa pamoja na watu wazima. Yasimuliwa kwamba mlinzi mmoja aliwalaumu watoto hao kuwa walafi, kwa kuwa kila baada ya chakula walitambaa chini wakiokota makombo ya mkate. Maria akakitazama chumba, akaona hamna hata kitu kimoja cha kushika wala cha kuchezea. Ndipo alipofahamu kwamba mikono ya watoto hao ndiyo iliyokuwa na njaa.

Akasoma vitabu vya Itard na Séguin, madaktari wawili wa Ufaransa waliowafundisha watoto wa namna hiyo kwa kugusa na kutenda. Akafuata njia yao, akatengeneza vyombo vyake mwenyewe. Baadhi ya wanafunzi wake walijua kusoma na kuandika hata wakashinda mtihani pamoja na watoto wazima. Watu walistaajabu na kumsifu. Yeye lakini aliwaza neno jingine: ikiwa dhaifu wameweza kulingana na wazima, basi hao wazima wanazuiliwa na nini? Jibu aliliona katika shule za wakati ule. Watoto waliketishwa juu ya mabenchi tangu asubuhi, wakaamriwa watulie na kusikiliza. Hesabu waliikariri kwa midomo, na mikono yao haikuwa na kazi.

Nafasi ya kujaribu mawazo yake ilipatikana tarehe 6 Januari 1907. Katika San Lorenzo, mtaa wa maskini wa Roma, nyumba za wafanyakazi zilikuwa zimetengenezwa upya. Wazazi walikwenda kazini, na watoto wao wadogo, 50 hivi, wakabaki bila mlezi, wakiharibu kuta na ngazi. Maria akaombwa awatunze. Hapo ndipo ilipofunguliwa Nyumba ya Watoto ya kwanza. Aliweka meza na viti vidogo ambavyo mtoto mwenyewe aweza kuvibeba, akawaacha watoto watembee na kuchagua kazi zao.

Hesabu aliianza kwa fimbo kumi za mbao. Ya kwanza ina urefu wa sentimita 10, ya pili 20, na hivyo hivyo mpaka ya kumi yenye meta nzima. Zimepakwa rangi nyekundu na buluu kwa zamu, ili kila sehemu ihesabike. Mtoto huzichukua moja moja na kuzipanga chini kama ngazi. Ile ya moja huishika kwa vidole. Ile ya kumi humlazimu kunyosha mikono yote miwili na kutembea kwa uangalifu asije akagonga mwenzake. Kabla hajajua kuandika, mwili wake umekwisha kujua kwamba kumi ni kubwa kuliko moja, na kwa kadiri gani. Tena, akiiweka fimbo ya moja mwishoni mwa ile ya tisa, na ya mbili mwishoni mwa ile ya nane, aona kwa macho yake kwamba kila mara hupata kumi.

Tarakimu nazo alizikata katika karatasi ya msasa, akazibandika juu ya vibao. Mtoto huzifuata kwa vidole viwili, kama mtu aandikaye, huku akitaja jina la kila moja. Halafu hupewa vijiti 45 na sanduku lenye vyumba kumi, tangu sifuri mpaka tisa, atie katika kila chumba idadi iliyotajwa. Vijiti vikiisha, chumba cha sifuri chabaki kitupu, na utupu huo wenyewe ndio somo.

Kwa ajili ya sifuri alibuni mchezo. Alimwita mtoto aje kwake mara tatu, naye akaja na kurudi mara tatu. Kisha akamwita aje mara sifuri. Mtoto akakimbilia kwake kama kwanza, naye akamwonyesha kwamba amekuja mara moja. Mtoto akashangaa, asijue afanye nini, mpaka akatambua kwamba imempasa kukaa pale pale asijongee. Basi wote wakacheka, na hata utulivu wa mwili ukawa hesabu.

Baadaye zilikuja shanga za rangi ya dhahabu: ushanga mmoja, kijiti cha shanga kumi, mraba wa mia, na mchemraba wa elfu. Mtoto aliyetumwa kuleta elfu aubeba mzigo kweli, na uzito wake humfundisha maana ya neno hilo. Mwaka 1934 Maria alitoa huko Barcelona kitabu kikubwa juu ya hesabu za watoto.

Sifa zake zilienea, lakini maisha yake hayakuwa mepesi. Mwaka 1898 alikuwa amemzaa mwana, Mario, pasipo ndoa, akalelewa na watu wengine shambani. Mwanamke aliyewatunza watoto wa wenzake hakukaa na wake mwenyewe mpaka Mario alipokuwa kijana. Tangu hapo mwana akawa msaidizi wake. Serikali ya Mussolini ilizifunga shule zake. Mwaka 1936 vita vya Hispania vilimfukuza, akahamia Uholanzi. Mwaka 1939 alikwenda Uhindi kuwafundisha walimu, na vita vikamzuia huko mpaka mwaka 1946. Hata hapo aliendelea na kazi.

Maria Montessori alifariki tarehe 6 Mei 1952 huko Noordwijk aan Zee, Uholanzi, akazikwa katika makaburi ya Wakatoliki. Tangu siku zake, fimbo, vijiti na shanga zake zimeingia katika shule za nchi nyingi. Wazazi na walimu wasio na vyombo hivyo wanaweza kutumia maharage, kokoto na vijiti vya porini. Mtoto aliyechuchumaa chini akipanga kokoto zake kumi kumi asikemewe kwamba anacheza. Kazi aliyo nayo ni kubwa, na mikono yake inaiongoza akili.