Profesa Thomas Odhiambo: Msomi wa Tunutu na Nzige

Katika migunga ya nyika kama ile ya Kibwezi huning'inia vifuko vya hariri na vijiti. Kila kifuko ni nyumba ya kiwavi wa nondo. Dume akikomaa huota mabawa na kuruka kutafuta mwenzi. Jike hubaki bila mabawa, akataga mayai na kufa. Hata hivyo, wote wawili huanza maisha wakiwa na vichipukizi vya mabawa. Homoni huhusika katika kukua na kunyauka kwa vichipukizi hivyo. Miongoni mwa Waafrika wa kwanza kuichimbua elimu hii ya homoni za wadudu alikuwa marehemu Profesa Thomas Risley Odhiambo.

Odhiambo alizaliwa Mombasa mwaka 1931. Alisoma Maseno na Makerere, kisha akaajiriwa na Idara ya Kilimo ya Uganda. Huko alichunguza mdudu mwindaji ambaye dume wake ndiye mlinzi wa mayai. Mwaka 1959 alikwenda Cambridge, akawa mwanafunzi wa Vincent Wigglesworth, aliyegundua homoni ya ujana katika miaka ya 1930. Homoni hiyo ikiwapo kwa wingi, mdudu hujivua gamba lakini hubaki mchanga. Ikipungua, hupata umbo la mzima. Ndivyo tunutu asiyeweza kuruka anavyogeuka kuwa nzige mwenye mabawa kamili.

Odhiambo alitaka kujua kazi ya homoni hiyo baada ya mabawa kutimia. Aliwaondolea nzige madume wa jangwani tezi inayoitoa, iliyo nyuma ya ubongo. Madume hao hawakugeuka rangi ya manjano, wala hawakuwa na hamu ya majike. Walipopandikizwa tezi nyingine, rangi na hamu vilirejea. Matokeo hayo, aliyoyachapisha mwaka 1966, yalionyesha kwamba homoni inayomzuia tunutu asikomae ndiyo hiyo hiyo inayomkomaza nzige dume.

Aliporudi nyumbani alifundisha Nairobi. Wengi waliona kuwa bara lenye njaa halina nafasi ya kuchunguza tezi za panzi, na kwamba dawa za kunyunyizia zilitosha. Odhiambo alishikilia kinyume chake: asiyemjua adui yake hununua silaha kwa kubahatisha, na ujuzi huo hauwezi kuagizwa milele kutoka ng'ambo. Baada ya kuitetea hoja hiyo katika jarida la Science mwaka 1967, aliasisi mwaka 1970 Kituo cha Kimataifa cha Fiziolojia na Ikolojia ya Wadudu, ICIPE, jijini Nairobi. Alikiongoza hadi mwaka 1994. Alikuwa pia rais mwasisi wa Akademia ya Sayansi ya Afrika, na mwaka 1987 alitunukiwa Tuzo ya Afrika ya uongozi katika kukomesha njaa. Aliaga dunia mwezi Mei 2003.

Hoja yake haikuzikwa naye. Watafiti wa ICIPE waligundua kwamba harufu ya nzige madume waliokomaa huwavuruga tunutu, wakatawanyika na kudhoofika. Mwaka 2020 nzige wa jangwani walipoivamia Kenya na kufika Kitui, ndege zilinyunyiza sumu, lakini nchi haikuwa tena na sumu pekee: ilikuwa na wasomi wake wanaomjua mdudu huyo tangu utunutu wake hadi siku anapokunjua mabawa.