Imam Abu Hanifa na Duka Lake la Nguo

Ijumaa hii tunawaelekea zaidi ndugu zetu wa Kibondo na Kasulu, ambako asali na maharage ndivyo vinavyosomesha watoto katika nyumba nyingi. Anunuaye ndoo ya asali haoni kama imetiwa maji ya sukari, wala anunuaye gunia la maharage haoni yaliyo katikati. Ajuaye ni muuzaji peke yake. Kwa ajili ya ujuzi huo wa muuzaji tumemchagua Imam Abu Hanifa.

Jina lake ni Nu'man bin Thabit, naye alizaliwa Kufa, Iraq, mwaka 80 Hijiria (699 Miladia), katika nyumba ya wafanyabiashara wenye asili ya Uajemi. Sisi wa Afrika Mashariki wengi wetu tu Mashafi, na pengine ndiyo sababu tunamjua kwa madhehebu yake tu na kusahau kwamba alikuwa muuza nguo. Ujanani alishinda sokoni, mpaka mwanachuoni Sha'bi alipouona wepesi wa akili yake na kumhimiza atafute elimu. Akasoma kwa Sheikh Hammad bin Abi Sulayman kwa miaka ipatayo 18, na Sheikh alipofariki yeye ndiye aliyekaa mahali pake. Duka hakulifunga.

Wapokezi wamesimulia kuwa siku moja alijiwa na mwanamke aliyetaka kumuuzia nguo ya hariri kwa dirhamu 100. Imam akamwambia kuwa thamani yake ni zaidi. Mwanamke akapandisha mia kwa mia hadi 400, akidhani anafanyiwa mzaha. Akaitwa mtu wa kuikadiria, na Imam akainunua kwa 500. Tuwafikirie wakulima wetu wanaojaziwa lumbesa na mnunuzi aijuaye vizuri bei ya mjini!

Kisa cha mshirika wake, Hafs bin Abdurrahman, ni kizito zaidi. Imam alimpelekea bidhaa na kumwonya kuwa nguo moja ina kasoro, aibainishe kwa mnunuzi. Hafs akauza zote, akasahau kusema, wala hakumkumbuka aliyeinunua ile mbovu. Imam alipopata habari alitoa sadaka fedha yote ya mauzo yale, pamoja na thamani ya nguo nzima zisizo na ila. Hapa hapakuwa na hila wala uwongo, palikuwa na kusahau tu. Nasi tunakiri kuwa wengi wetu tungetubia kwa ulimi na fedha tukabaki nayo.

Faida ya duka hilo iliwalisha wanafunzi wake, akiwemo Abu Yusuf, mtoto wa nyumba maskini aliyekuja kuwa kadhi mkuu. Yeye mwenyewe hakuhitaji mkono wa mtawala. Khalifa Mansur alipomtaka awe kadhi alikataa, akapigwa na kufungwa. Alifariki Baghdad mwaka 150 Hijiria (767 Miladia), na kwa kauli ya wengi mauti yalimkuta kifungoni. Kaburi lake liko katika mtaa wa mji huo uitwao Adhamiya, jina lililotokana na lakabu yake ya Imam Mkuu. Mwenyezi Mungu amrehemu.